Insha za Hoja Zinapokosa Nguvu: Dalili, Vyanzo na Utatuzi kwa Walimu wa Sekondari

Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za kidato cha tatu au cha tano katika shule za Dar es Salaam anaifahamu insha ya namna hii: ina utangulizi, ina aya sita zinazoanza kwa "kwanza", "pili" na "tatu", ina hitimisho, sarufi yake haina shida kubwa, na bado ukiimaliza hujashawishika kwa lolote. Mwanafunzi hupewa alama za katikati, pembeni huandikiwa "fafanua zaidi", na insha inayofuata huja na kasoro zile zile, ila imekuwa ndefu.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kile kinachoonekana daftarini, kisha unatafuta kinakotoka, kwa sababu dalili moja inaweza kuwa na vyanzo viwili au vitatu, na marekebisho yanayofaa chanzo kimoja yanaweza kukizidisha kingine. Hata hivyo naamini kwamba nyingi kati ya kasoro hizi zina shina moja: mwanafunzi anaandika bila kumwona mtu asiyekubaliana naye. Hoja hutolewa kwa mtu mwenye shaka, pamoja na sababu zinazoweza kumfanya afikiri upya. Asipokuwepo mwenye shaka huyo, mwanafunzi hana haja ya kuthibitisha, kupanga wala kujibu chochote, na hubaki kueleza tu. Kwa hiyo, katika kila dalili inayofuata, mwalimu ajiulize kwanza: ni nani ambaye mwanafunzi huyu alipaswa kumshawishi, na je, alimfahamu?

Nitatumia maneno matatu. Dai ni kile ambacho mwandishi anataka tukikubali. Ushahidi ni mambo anayoyaleta ili tulikubali. Kiungo ni kanuni inayoeleza kwa nini ushahidi ule unalithibitisha dai lile. Mgawanyo huu unatokana na kazi ya mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, iliyochapishwa mwaka 1958, ambayo iliongeza pia mambo yanayokitegemeza kiungo, kiwango cha uhakika wa dai, na mazingira ambamo dai halitasimama. Kwa mwanafunzi wa sekondari matatu ya mwanzo yanatosha. Mengine hujitokeza yenyewe mpingaji akishaingia darasani.

Mifano mingi itatoka kwenye swali moja: je, wakazi wa Bonde la Mto Msimbazi wahamishwe? Nimelichagua kwa sababu wanafunzi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa mahali penyewe. Mto huo unatoka upande wa vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, na kila anayepanda basi la mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni huvuka bonde lake pale Jangwani. Hata sasa ambapo serikali imekuwa ikilipa fidia kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo, swali lenyewe bado lina pande mbili zenye watu wa kweli, na wengine wao ni wazazi wa wanafunzi wetu.

Dalili: Aya zinaweza kupangwa upya na insha isiharibike

Jaribio lake ni jepesi. Isome insha mbele ya darasa ukianza na aya ya tano, kisha ya pili, kisha ya sita, ukiyaondoa tu yale maneno ya kuhesabia. Ikiwa hakuna anayegundua kwamba mpangilio umevurugwa, mkononi una orodha.

Chanzo cha kwanza ni swali lenyewe. Swali linaposema "kwa kutumia hoja sita", na mwongozo wa usahihishaji ukatoa alama kwa kila hoja bila kujali imekaa wapi, mwanafunzi anafanya kile kinacholipa. Ni kosa kumwita mvivu. Chanzo cha pili ni notisi. Mwanafunzi aliyekariri faida, hasara na changamoto za kila mada anakuja na vitu vilivyokwishapangwa kwa safu, naye huviweka kwenye karatasi kama alivyovikuta. Ili kujua ni chanzo kipi kinachomhusu, mpe mada ambayo haimo kwenye notisi yoyote, kwa mfano iwapo shule iruhusu simu wakati wa mapumziko. Akiandika orodha hapo pia, tatizo ni mazoea ya mtihani. Akianza kubishana kwa mtiririko, tatizo lilikuwa kukariri.

Kwa mazoea ya mtihani, haifai kumwambia mwanafunzi aachane na hoja sita, kwa kuwa mtihani utazidai na yeye ndiye atakayepoteza alama. Kinachobadilishwa ni namna anavyozipata. Kabla ya kuandika chochote, darasa lijiweke katika nafasi ya mkazi wa Jangwani ambaye hataki kuhama, na liorodheshe shaka zake. Wanafunzi huwa wepisi sana katika hili, pengine kuliko katika kutaja faida za kuhama: "Mto ukichimbwa na kingo zikajengwa, kwa nini nihame?" "Huko mnakonipeleka nitafika Kariakoo saa ngapi?" "Fidia itatosha kununua kiwanja wapi?" "Mbona wenye magodauni bondeni humu hamuwataji?" Kila aya sasa inapewa shaka ya kujibu. Mpangilio hujitokeza wenyewe, kwa sababu hakuna maana ya kumweleza mtu kuhusu fidia kabla hajakubali kwamba kingo za mto hazitoshi. Aya ya pili inaisubiri ya kwanza, na ukizibadilisha nafasi, kila mtu anaona.

Kwa waliozoea kukariri, toa mara kwa mara swali linalodai hoja moja tu kwa kurasa mbili. Wanafunzi hulalamika kwamba hawana la kuandika baada ya mistari mitano. Malalamiko hayo ni habari muhimu: yanaonyesha kwamba hadi sasa wamekuwa wakihama kwenda hoja nyingine kila walipoishiwa.

Dalili: Ushahidi upo, dai lipo, lakini havishikani

Hii ndiyo kasoro inayopita mikononi mwetu bila kuonekana, kwa sababu aya inakuwa na kila kitu tulichofundisha kitafutwe. Tazama aya hii, inayofanana na nyingi zinazoandikwa:

"Hoja ya pili ni usalama. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, ikasababisha mafuriko, vifo na watu kukosa makazi. Kwa hiyo wakazi wa Jangwani wanapaswa kuhamishwa."

Tukio lililotajwa ni la kweli, tarehe ni sahihi, na neno "kwa hiyo" limekaa mahali pake. Lakini muulize mkazi mwenyewe naye atajibu: "Mvua ile ilinyesha jiji zima. Mbona mtu wa Kimara haambiwi ahame?" Jibu hilo si ukaidi. Limegusa mahali hasa ambapo aya imekatika, kwani mwandishi ametoka kwenye mvua ya jiji zima akaruka hadi kwenye kuhamishwa kwa watu wa sehemu moja, bila kusema ni nini kinachoitofautisha sehemu hiyo na nyingine. Aidha, tukio la mwaka mmoja, hata liwe kubwa kiasi gani, halijathibitisha kwamba litarudi.

Tatizo linatokana na mambo mawili tofauti, na ni vyema kuyatenganisha. Wako wanafunzi ambao kiungo wanacho kichwani lakini wanaona ni jambo la wazi mno kiasi kwamba kuliandika ni kumdharau msomaji. Hawa ukiwauliza kwa mdomo "kwa nini wao na si watu wa Kimara?" hujibu papo hapo. Wako wengine ambao hawakuwahi kuwa nacho; ukiwauliza swali lile lile, huirudia sentensi yao ya mwisho kwa sauti kubwa zaidi. Kundi la kwanza linahitaji kuelezwa tu kwamba msomaji hayumo kichwani mwao. Kundi la pili linahitaji kazi.

Kazi hiyo naipendekeza ifanyike kwa sentensi yenye pengo. Mwanafunzi aandike dai na ushahidi, kisha amalizie: "Jambo hili linathibitisha dai langu kwa sababu kila mahali ambapo ..., ni lazima ...". Sentensi ni nzito na haitaingia kwenye insha ya mwisho, lakini inamlazimisha kuitaja kanuni. Kwa mfano wetu, itakuwa: kila mahali ambapo maji ya eneo kubwa hujikusanya kabla ya kufika baharini, ni lazima mvua kubwa ilete hatari ambayo haipo kwenye miinuko. Baada ya hapo aya inaweza kuandikwa upya:

"Mvua ya Desemba 2011 ilinyesha jiji zima, lakini madhara yake hayakulingana. Maji yaliyoanguka Kimara hayakubaki Kimara. Yaliteremka kufuata mabonde hadi kwenye Mto Msimbazi, yakakutana Jangwani na maji yanayotoka upande wa Pugu. Mkazi wa bondeni anapokea mvua yake na ya wenzake, na kwa kuwa umbo la ardhi halibadiliki, atapokea tena kila masika yatakapokuwa makubwa. Hatari yake inatokana na mahali alipojenga, hivyo haiwezi kuondolewa kwa kuimarisha nyumba peke yake."

Aya imeongezeka sentensi mbili tu. Pia imekuwa na kiasi, kwani haidai tena kwamba kuhama ndiyo njia pekee. Inadai kwamba kuimarisha nyumba hakutoshi, na hilo limethibitishwa. Mwanafunzi atakayeona tofauti hiyo bila kuonyeshwa amepiga hatua kubwa sana.

Dalili: Dai ambalo hakuna mtu anayeweza kulipinga

"Elimu ni muhimu kwa maendeleo ya taifa." "Vijana ni nguvu kazi." "Mazingira yanapaswa kutunzwa." Jaribu kumtafuta mtu mwenye akili timamu atakayesimama kuyapinga hayo, humpati. Mara nyingi chanzo kiko kwenye ubao wetu, kwa maana mada "Eleza umuhimu wa elimu" haikuwa na ubishi tangu mwanzo. Badili mada iwe na gharama ndani yake: nani atapoteza nini dai likikubaliwa? "Mazingira yatunzwe" haina mpinzani, lakini marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa na wapinzani wa kweli, kuanzia wenye viwanda hadi mama wa sokoni aliyelazimika kununua mfuko wa bei kubwa zaidi, na mwanafunzi anayetaka kuitetea ana watu wa kuwajibu.

Pakiwepo mada yenye ubishi na bado mwanafunzi akaandika dai la aina hii, basi anajihami. Ameona huko nyuma kwamba kusema jambo lenye msimamo kunaweza kumgharimu alama, hasa kama mwalimu ana msimamo mwingine. Hapo anayehitaji kubadilika ni mwalimu, na njia ya wazi ni kusoma mbele ya darasa insha mbili zenye misimamo inayopingana ambazo zote zimepata alama za juu.

Dalili: Methali imewekwa mahali pa ushahidi

Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu walimu wengi hulimaliza suala hili kwa kupiga marufuku methali katika insha za hoja, na kwa kufanya hivyo huwanyang'anya wanafunzi mojawapo ya nyenzo bora za kufikiri walizonazo tayari.

Mwanafunzi anaandika: "Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo wakazi wa bondeni wahamishwe." Kasoro haiko kwenye methali. Methali ni kiungo kilichokwisha kutengenezwa: inasema kwamba tatizo dogo linalopuuzwa huja kugharimu zaidi. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba hapa kweli kuna ufa, kwamba umeonekana, na kwamba gharama ya kuuziba leo ni ndogo kuliko ya kesho. Mwanafunzi ana kanuni isiyo na jambo la kuifanyia kazi, kinyume kabisa cha yule wa mvua ya Desemba 2011 aliyekuwa na jambo lisilo na kanuni. Kuwaweka wawili hao pamoja na kuwaambia kila mmoja amkamilishe mwenzake ni zoezi zuri la kipindi kimoja.

Zoezi la pili ni kutafuta methali inayojibu methali. Aliyeleta "haraka haraka haina baraka" aletewe "ngoja ngoja huumiza matumbo". Aliyeegemea "mvumilivu hula mbivu" aulizwe atamwambia nini anayesema "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Wanafunzi huchangamka, na katika kuchangamka huko wanatambua jambo zito: kanuni mbili zinaweza kuwa na busara zote mbili na bado zikaelekeza pande tofauti, kwa hiyo kazi ya mwandishi ni kuonyesha kwa nini hali iliyopo inaangukia chini ya hii na si ile. Mwenye haraka ya kuhamisha watu kabla ya masika ana la kusema. Mwenye kutaka subira mpaka fidia ikamilike ana lake pia. Ni mambo ya mahali penyewe yatakayoamua.

Kauli za viongozi ziangaliwe kwa jicho hilo hilo, pamoja na tahadhari moja zaidi: mwanafunzi asiyeweza kusema kauli hiyo ilitolewa wapi na katika jambo gani asiinukuu.

Dalili: Upande wa pili haupo, au upo kama kikaragosi

Shule zetu zina utamaduni wa mdahalo ambao ni hazina. Kuna mwenyekiti, katibu na mtunza muda, kuna upande unaounga mkono na unaopinga, na mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kusimama na kusema "Mheshimiwa mwenyekiti" bila kutetemeka. Hata hivyo stadi hiyo haifiki kwenye karatasi yenyewe, na inapofika huwa imebeba tabia za jukwaani. Jukwaani mshindi ni anayepigiwa makofi. Humjibu mpinzani pale alipo dhaifu na kupita haraka pale alipo na nguvu. Kwenye insha tabia hiyo huzaa sentensi kama "wanaopinga kuhama ni watu wasiojali maisha ya watoto wao". Hakuna mkazi wa Jangwani atakayejitambua hapo.

Utatuzi ni kuweka sharti kwamba upande wa pili uelezwe kwa namna ambayo mwenyewe angekubali kuweka sahihi. Katika mdahalo wa darasani, kabla msemaji hajajibu, arudie hoja ya mpinzani wake, na mpinzani aseme "ndivyo nilivyosema" au amrekebishe. Kwenye insha, mwanafunzi ampe jirani yake wa dawati aya yenye maoni ya upande wa pili, na jirani huyo apige tiki tu akiridhika. Mwanafunzi aliyefuata sharti hili ataandika kitu cha aina hii: "Waliohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya mwaka 2011 walipewa usalama dhidi ya maji, lakini aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kwenye biashara yake Kariakoo alijikuta akihitaji nauli ya kila siku. Kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku, hatari ya kukosa kipato inakuja kila asubuhi, wakati mafuriko huja kwa msimu." Sasa upande wa kwanza una kazi ya kweli ya kufanya, na huenda ukalazimika kupunguza dai lake: wahamishwe, ila wapelekwe mahali ambapo usafiri wa kufika kazini upo na unalipika.

Kuna sura nyingine ya dalili hii, nayo ni mwanafunzi anayeandika kurasa mbili za faida, kurasa mbili za hasara, na kumalizia kwamba "jambo hili lina faida na hasara zake". Wengi hufanya hivyo wakidhani ndivyo swali la "jadili" linavyotaka. Waambiwe wazi kwamba kujadili ni kupima, na kupima hutoa jibu, hata kama jibu lenyewe lina masharti.

Dalili: Chanzo kimoja kwa tatizo lenye vyanzo vingi

"Mafuriko ya Jangwani yanasababishwa na wananchi kutupa taka mtoni." Taka zina sehemu yake, ila pia kuna ujenzi bondeni, ardhi iliyoachwa wazi sehemu za juu ambayo udongo wake hujaza mto, na mvua yenyewe. Mara nyingi mwanafunzi amechukua chanzo alichosikia kikitajwa zaidi. Muulize: taka zikiondolewa zote leo, je, masika yajayo bonde litakuwa kavu? Akisita, amekwisha kuelewa, na atakuwa tayari kuandika "huchangia" badala ya "husababisha".

Dalili: Mwanafunzi anasoma makala na kumpa mwandishi maoni ambayo si yake

Mwalimu wa uandishi akiliona hili asidhani ni suala la ufahamu tu linalomhusu mwingine, maana asiyeweza kuiona hoja katika maandishi ya watu hawezi kuijenga katika yake. Chukua kifungu hiki, nilichokitunga kwa mtindo wa tahariri za magazeti yetu:

"Wapo wanaosema mabasi ya mwendokasi yamemaliza adha ya usafiri. Ni kweli kwamba tangu yaanze mwaka 2016, safari ya Kimara hadi Kivukoni imekuwa fupi kwa aliyekwisha kupanda basi. Lakini abiria haanzi kuhesabu safari yake basi linapoondoka; anaanza anapofika kituoni."

Uliza mwandishi anadai nini, na utapata majibu mawili yenye makosa ya asili tofauti. Wa kwanza watasema anadai mwendokasi umemaliza adha. Hawa wameishika sentensi ya kwanza wakaidhania ndiyo msimamo, kwa kuwa wamefundishwa kwamba wazo kuu hukaa mwanzoni mwa aya. Wapewe penseli waandike pembeni mwa kila sentensi "yeye" au "wengine", wakiongozwa na viashiria kama "wapo wanaosema", "inadaiwa", "ni kweli kwamba", "lakini", "hata hivyo" na "ijapokuwa". Kiashiria cha "ni kweli kwamba" kipewe muda zaidi, kwa sababu ndicho kinachowapoteza wengi: mwandishi anakubali jambo, ila analikubali ili alizidi nguvu kwenye sentensi inayofuata.

Wa pili watasema mwandishi anadai mabasi ni machache na menejimenti ni mbovu. Hawa wameweka maoni yao wenyewe, au ya nyumbani, mdomoni mwa mwandishi. Penseli haitawasaidia. Waambiwe waonyeshe kwa kidole maneno yaliyosema hivyo, na wasipoyapata walirudishe dai hadi mahali maneno yanapofika. Kwenye kifungu hiki dai halikuandikwa kabisa, linabidi lijengwe: muda wa kusubiri ni sehemu ya safari, kwa hiyo adha haijaisha. Kulijenga dai lisiloandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, ni zoezi gumu hata kwa kidato cha sita, na linastahili kurudiwa kwa vifungu vifupi kila wiki.

Dalili: Mdomoni hoja ipo, kwenye karatasi imepotea

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kutakiwa kufikiri, kusoma na kuandika kwa Kiingereza katika karibu kila somo. Insha yake ya Historia au ya Maarifa ya Jumla inapokuwa na sentensi fupi fupi zisizoungana, ni rahisi kuhitimisha kwamba hajui kujenga hoja. Kabla ya kuhitimisha hivyo, mwite pembeni na umwambie akueleze hoja yake kwa Kiswahili. Akiieleza vizuri, kwa sababu na kwa masharti, hana tatizo la hoja. Ana upungufu wa lugha, hasa wa maneno yanayobeba uhusiano kama "ilhali", "isipokuwa", "hata kama" na "kwa kadiri ambavyo". Apangilie hoja kwa Kiswahili kwanza, kisha apewe viunganishi vichache vya Kiingereza vinavyofanya kazi hizo hizo, avitumie hivyo tu kwa muda. Akishindwa kwa Kiswahili pia, rudi kwenye dalili zilizotangulia, maana kumrekebishia Kiingereza kutazaa sentensi nzuri zisizosema kitu.

Namwomba kila mwalimu afanye jaribio hili kabla ya kumwita mtoto mzito. Wako wengi waliobeba jina hilo kwa miaka minne kwa sababu hakuna aliyewauliza kwa lugha yao.

Kusahihisha darasa lenye wanafunzi zaidi ya sitini

Dalili hizi mara nyingi huja pamoja katika daftari moja, na mwalimu mwenye madaftari mengi hawezi kuzishughulikia zote. Ashughulikie moja kwa kila insha, kwa mpangilio: kwanza dai, kwa kuwa kiungo hakiwezi kupimwa kama hatujui kinaunganisha na nini, kisha kiungo, kisha upande wa pili, na mwisho lugha. Hitimisho linaloishia "serikali inapaswa kutoa elimu kwa jamii" wakati insha haikugusa elimu wala serikali lisipewe muda wa peke yake, kwani hujirekebisha dai linapokaa sawa.

Badala ya "fafanua zaidi", andika pembeni swali ambalo mpingaji angeuliza mahali hapo hapo: "Kwa nini hawa na si wale?" "Na kama mto ukichimbwa?" "Nani atalipa?" Linachukua muda ule ule wa kalamu. Kisha usidai insha nzima iandikwe upya. Mwanafunzi aandike upya aya moja tu, ile yenye swali, kwenye ukurasa wa mkabala na ya awali, na wewe uisahihishe kwa kuangalia jambo moja: je, aliyeuliza swali lile amejibiwa? Kama hajajibiwa, muulize tena kwa maneno mengine, na aya irudi.